Bima ya Bizari

Simu ililia Jumanne ya pili ya Novemba, saa kumi alasiri, kama ilivyokuwa kila mwaka. Burhani alikuwa ameshaketi jikoni akiisubiri.

"Bwana Burhani? Ni Godelieve, wa bima. Na Bizari wetu, hajambo?"

"Hajambo kabisa," Burhani alijibu kwa Kifaransa alichojifunzia kazini, katikati ya ngurumo za mashine za kufulia. "Anakula, analala. Juzi nimempima, kilo nne na robo."

"Na meno?"

"Mswaki mara mbili kwa wiki. Bado hapendi."

Mwanamke yule akacheka. Akamkumbusha chanjo ya mafua ya paka, akamwambia mkataba umeendelea kwa mwaka mwingine, akamtakia jioni njema. Dakika nne, wala hazikuzidi. Burhani akaiweka simu mezani, akabaki anaitazama.

Bizari alikuwa amekufa mwaka mmoja na miezi tisa iliyopita.

Burhani alikuwa mtu wa Tanga, wa Ngamiani. Aliletwa Brussels mwaka 2002 na afisa mmoja wa ubalozi ambaye yeye alikuwa dereva wake, akaja pamoja na mkewe Jamila. Afisa alipomaliza muda wake na kurudi nyumbani, Burhani alibaki. Alipata kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa kule Woluwe, akawa anakunja mashuka ya wagonjwa asiowaona kamwe. Walikaa Laeken, ghorofa ya tatu, katika nyumba yenye ngazi nyembamba na majirani wanaosalimiana kwa kichwa.

Paka alikuwa wa Jamila. Mwaka wa pili wa baridi alikwenda kituo cha wanyama waliotupwa, akarudi na dume mmoja wa miaka minne, rangi ya manjano ya bizari, sikio moja limekatika ncha. "Nyumba haina sauti," alisema. Watoto hawakujaliwa, na wote wawili walijua sauti gani ilikosekana.

Mwaka 2006 Bizari alizibwa mkojo. Ni ugonjwa wa paka madume: mchanga hujikusanya kwenye kibofu, njia ikaziba, na siku mbili zikipita bila kutibiwa paka anakufa. Walimuwahi. Alipotolewa mrija, Burhani alikwenda mwenyewe kwenye kampuni ndogo ya bima karibu na Porte de Namur, akamkatia Bizari bima ya matibabu. Karani alimwambia ana bahati, paka ana miaka saba. Angefikisha minane wasingempokea. Kazini walimcheka mpaka wakachoka. "Burhani, are you serious?" aliuliza Samson, Mkenya waliyekunja naye mashuka. "Mimi mwenyewe sina insurance ya meno, na paka yako anayo?"

Mwaka uliofuata Jamila alikwenda Tanga kumuuguza mama yake. Ilikuwa iwe miezi mitatu. Ikawa sita, ikawa mwaka. Mama alipofariki, Jamila alipiga simu, akasema taratibu kwamba hana chuki naye, ila hawezi kurudi tena kwenye ule ukimya, akaomba talaka. Burhani alimpa. Baadaye aliolewa na mtu mmoja jina lake Hamissi, mwenye duka la mbao. Lakini kila Idi alipiga simu, na baada ya salamu, wakati maneno yalipowaishia wote wawili, aliuliza: "Na Bizari je?" Hapo Burhani alipata la kusema. Alisimulia jinsi Bizari alivyomwaga maziwa, alivyokataa dawa ya minyoo mpaka ikafichwa kwenye dagaa, alivyomparura daktari. Jamila alicheka kule Tanga, na kwa muda ule mfupi walikuwa tena watu wenye kitu kimoja mikononi mwao.

Hivyo alimtunza yule paka kama amana. Kila Ijumaa alimchana manyoya. Kila mwezi alimdondoshea dawa ya viroboto shingoni, pale ulimi usipofika. Alimkata kucha kwenye mwanga wa dirisha, akampima uzito kwa kupanda mzani akiwa amempakata na kisha kujipima peke yake, na yote akayaandika katika kijitabu cha afya, kwa hati ile ile nzuri aliyofundishwa madrasa.

Figo zikamshinda. Tarehe 9 Februari 2011 daktari alimpiga Bizari sindano ya mwisho, mkono wa Burhani ukiwa chini ya kidevu chake. Alipewa cheti cha kifo akipeleke kwa watu wa bima. Alikiweka kwenye droo ya jikoni, akasema atakipeleka Jumatatu. Jumatatu ile akasema ijayo. Ikaja Idi, Jamila akauliza, na Burhani akasikia mdomo wake ukisema, "Hajambo, yuko hapa miguuni." Ikaja Novemba, Godelieve naye akauliza. Uongo ulikuwa umeshajua njia.

Basi, Januari ya 2013, Jumamosi asubuhi, theluji imeshikamana na vioo, mlango wa Burhani uligongwa.

Alikuwa Maman Émérance wa ghorofa ya nne. Mwanamke wa Bukavu, mjane, aliyekuja ukimbizini na binti yake miaka ya tisini. Sasa alifanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee majumbani kwao. Kwa miaka sita walikuwa wakipishana kwenye ngazi. Yeye aliona haya kuzungumza Kiswahili chake mbele ya Mtanzania, na Burhani aliona haya kumsikia akiona haya, kwa hiyo salamu zao zilikuwa fupi: "Papa Burhani, paka iko muzuri?" "Hajambo, Mama. Na wako?" "Iko."

Leo hakusalimia.

"Papa Burhani, kuya utazame Ministre. Depuis jana anaingia mu bac yake ya kukojolea, anatoka, anaingia, anatoka. Analia. Miye niliwaza ni tumbo."

Burhani alipanda ngazi na ndara zake. Ministre, yaani Waziri, dume nene la manjano lililoitwa hivyo kwa sababu ya kitambi na kutojibu likiitwa, lilikuwa limejikunyata nyuma ya mlango wa bafu. Burhani alipiga magoti, akapitisha vidole chini ya tumbo. Kibofu kilikuwa kigumu kama chungwa. Paka alitoa sauti ambayo Burhani aliijua.

"Mama, huyu kazibwa mkojo. Tusimsubirishe hata saa moja."

"Leo samedi!"

"Iko kliniki ya zamu. Twende."

Émérance hakusogea. Alishika kitambaa cha kichwani kwa mikono miwili. "Kule banaomba ngapi?"

Burhani alimwambia. Uso wa mwanamke yule ukajifunga.

"Quatre cents, euro mia ine," alirudia polepole. "Papa, mwisho wa mwezi hii nimetuma feza ya deuil, ya kilio, kule nyumbani. Sina ata cent." Kisha akamtazama. "Weye uko na assurance ya paka. Bantu bote ba hii nyumba banajua. Na paka yako ni rangi moja na hii yangu. Bon... unikopeshe jina yake. Jina tu. Leo tu."

Kama kuna wakati Burhani angeweza kusema, ulikuwa huo. Angesema, "Mama, jina hilo halina mwenyewe." Badala yake alisikia paka akilia nyuma ya mlango, akashuka chini, akafungua droo, akatoa kijitabu cha afya. Cheti cha kifo kilikuwa chini yake. Akaifunga droo.

Walikwenda kwa tramu, kikapu cha Bizari katikati yao, Ministre ndani yake. Maman Émérance aliomba Mungu kwa sauti ndogo. Mara moja tu alikatisha sala kuuliza, "Na Bizari, umeacha yeye na nani?"

"Amelala," alisema Burhani.

Kliniki ilikuwa na daktari mmoja tu siku ile, mwanamke kijana mwenye macho ya kukosa usingizi. Alilipapasa tumbo la Ministre na kuita msaidizi wake kabla hata ya kuketi. Dawa ya maumivu ilichomwa, mrija ukaandaliwa. Ndipo alipokifungua kijitabu, akasoma kwa sauti, "Bizari. Dume, amehasiwa, amezaliwa 1999." Akainua mdomo wa paka kwa kidole gumba, akatazama meno.

"Huyu ana miaka kumi na minne?"

Daktari alichukua kifaa cha kusoma chipu, ile namba inayopandikizwa chini ya ngozi, akakipitisha kati ya mabega ya paka, mara ya kwanza, mara ya pili. Kifaa hakikulia.

"Hapa pameandikwa namba ya chipu," alisema, bila ukali. "Paka huyu hana chipu. Bwana, huyu ni Bizari?"

Émérance alimtazama Burhani kwa macho ya kumsihi: sema ndiyo. Mkono wa daktari ulikuwa juu ya tumbo la paka, unasubiri. Burhani aliuona ule mkono, akaukumbuka mwingine, chumba kingine chenye harufu hii hii.

"Si yeye," alisema. "Bizari amekufa. Alikufa tarehe tisa Februari, mwaka juzi."

Alikuwa hajapata kuyatamka maneno hayo kwa lugha yoyote. Yalipotoka yalikuwa mafupi kuliko alivyodhani.

"Ee!" Émérance alishika mdomo. "Bizari alikufa?"

Daktari alikifunga kijitabu, akamrudishia Burhani mkononi. "Hiki sikukiona," alisema. "Mniandikie jina la kweli la paka na la mwenyewe. Mtalipa kidogo kidogo. Sasa mtoke nje, nina kazi."

Wakakaa kwenye viti vya plastiki katika chumba cha kusubiri, chini ya tangazo la chakula cha paka wazee. Kisha Émérance akaanza, na sauti yake haikuwa ya huruma.

"Miaka mbili. Kila siku mu escalier minakuuliza, paka iko muzuri? Na weye unajibu, hajambo. Donc ulikuwa unanichekelea?"

"Hapana, Mama. Wallahi sikukucheka."

"Alors juu ya nini?"

Burhani alizungusha kijitabu mikononi. Akamweleza. Alimweleza kuhusu Jamila na simu za Idi, na swali moja lililobaki kati yao. Akamweleza kuhusu yule mwanamke wa bima na dakika zake nne. "Nikisema amekufa," alisema, "nani atanipigia tena? Watanipigia waniulize nini?"

Maman Émérance alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa kukaa na wazee wanaokufa, hakuharakisha maneno.

"Ile madame ya assurance," aliuliza hatimaye, "unamupenda?"

"Hata sura yake siijui."

"Aa." Akatikisa kichwa. "Papa Burhani. Miye niko juu yako, ngazi kumi na sita. Na hukukuya kuniambia."

Burhani alitamani kukasirika lakini hakuona pa kuanzia.

Saa nane mchana daktari alitoka na kusema mkojo umepita. Ministre angelazwa siku tatu.

Jumatatu Burhani aliomba ruhusa kazini, akavaa koti lake zuri, akashuka metro Porte de Namur na cheti cha kifo mfukoni. Ofisi ya bima ilikuwa pale pale, juu ya duka la miwani, ila sasa ilikuwa na meza nne na makarani wenye vipokea sauti masikioni. Aliyekuwa karibu na dirisha ndiye mwenye ile sauti. Burhani aliitambua kabla hajaelekezwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mweupe wa mvi, sweta la kijani, na alikuwa kwenye simu. Burhani alisimama kando kusubiri zamu yake.

"Bibi Peeters? Ni Godelieve, wa bima. Na Filou wetu, hajambo?" Akacheka, kicheko kile kile, mahali pale pale. "Na meno?"

Kwenye kioo cha kompyuta mbele yake kulikuwa na orodha ya maswali, na kidole chake kilishuka swali baada ya swali. Burhani aligeuka kutazama dirishani. Chini, watu walikuwa wakitoka kwenye ngazi za metro, wanafungua miavuli.

Zamu yake ilipofika alitaja jina, akakiweka cheti mezani. Godelieve alikisoma. Alisoma tarehe, akamtazama, akaisoma tena.

"Lakini Novemba tulizungumza," alisema. "Uliniambia kilo nne na robo."

"Nilikudanganya, Bibi. Na mwaka wa kabla ya huo pia."

Burhani alikuwa amejiandaa kwa lolote, polisi, faini, kelele mbele ya watu. Mwanamke alivua kipokea sauti, akakiweka mezani.

"Huyu ndiye aliyekubali dawa ya minyoo kwa sababu ya dagaa," alisema.

"Ndiye."

"Nilimweleza dada yangu. Akaijaribu kwa paka wake." Alitaka kutabasamu, ikamshinda katikati. "Pole sana, Bwana Burhani."

Kisha kazi ikaendelea, maana kulikuwa na watu wengine kwenye foleni. Alimweleza kwamba mkataba unahesabiwa kuisha siku paka alipokufa, na kwa kuwa hakudai kitu tangu siku hiyo, alicholipa kitarudishwa kwenye akaunti yake. Burhani aliuliza habari za Ministre. Godelieve alisema paka huyo anaweza kukatiwa bima, ila kuna muda wa kusubiri, na ugonjwa wa mkojo, kwa kuwa ameshaupata, hautalipiwa tena. Awekwe chipu, alishwe chakula cha majimaji, anywe sana. Akabonyeza kitufe, jalada likafungwa.

"Basi hutanipigia tena," Burhani alisema. Hakuwa amekusudia kulisema kwa sauti.

"Ukipata paka mwingine," alijibu Godelieve, kwa upole, na kumwita aliyefuata.

Jioni ile ile, kabla ushujaa haujamwishia, alimpigia Jamila. Haikuwa Idi, kwa hiyo aliipokea kwa hofu. "Kuna nini?" Burhani alimwambia. Alimwambia tarehe, na kwamba imepita miaka miwili kasoro wiki chache, na kwamba Idi nne alimsemea maiti. Upande wa pili kulikuwa na msumeno wa mbao unaolia kwa mbali, halafu ukazimwa.

"Alipata taabu?"

"Siku mbili hivi. Mwisho hapana. Nilikuwa nimemshika."

Jamila alilia kidogo. Burhani alimsikiliza akilia, na ajabu ni kwamba hakutaka anyamaze. Kisha akasema, "Ulimtunza, Burhani. Nilikuachia mzigo wangu ukaubeba." Akasema Hamissi anamwita, mezani. Akasema wataongea. Idi iliyofuata alituma ujumbe mfupi wa mkono wa heri, wenye picha ya mwezi, kama anaoutuma kwa watu wote.

Ministre alirudi nyumbani na kola ya plastiki shingoni na vidonge vya wiki mbili. Émérance alitoka kazini saa zisizopangika, kwa hiyo alimpa Burhani ufunguo. Kila asubuhi kabla ya zamu yake, na kila alasiri akirudi, Burhani alipanda ngazi kumi na sita. Alimfundisha Ministre kumeza kidonge: unamfunga taulo kama mtoto, unabonyeza pembe za mdomo, unakitupia nyuma kabisa ya ulimi, unampapasa koo mpaka ameze. Alihamisha bakuli la maji mbali na chakula, maana paka hapendi kunywa pale anapokula. Alilipa bili ya kliniki kwa zile hela za bima zilizorudi. Émérance alimgombeza, akamrudishia kidogo kidogo, na kwa kila malipo alimletea sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, iliyofunikwa.

Siku nyingine Burhani alimkuta yupo. Wakakaa. Émérance aliacha kuona haya ya Kiswahili chake. Burhani naye alijifunza kuacha kukisahihisha kichwani. Émérance alimsimulia habari za wazee wake wa kazini, mmoja aliyemwita kila siku kwa jina la mke aliyekufa, naye akaitika. "Juu ya nini nimukatalie?" alisema. Burhani alicheka, na sauti ya kicheko chake ilimshtua.

Ilidumu hivyo miezi sita. Agosti, binti yake Émérance, Jémima, alijifungua mapacha kule Liège, na hakuwa na mtu wa kumsaidia. Mjukuu haambiwi asubiri. Kwa siku kumi Émérance alifungasha vyombo vyake vyote ahamie huko. Burhani alishusha masanduku, mwishowe akashusha kikapu, Ministre akilalama ndani mpaka mlangoni.

"Utakuya kututazama?" Émérance aliuliza kutoka dirisha la gari.

"Nitakuja, Mama."

"Usiseme kama ile ya paka yako. Useme ya kweli."

"Nitakuja kweli."

Alikwenda Oktoba, Jumapili, kwa treni ya asubuhi, na mkoba wa chakula cha majimaji. Nyumba ya Jémima ilijaa watu wa kanisa, nepi, na sufuria kubwa jikoni. Émérance alimpokea kwa furaha, akamkalisha, akampakulia, halafu pacha mmoja akalia na akaondoka, na pacha wa pili akalia. Watu walizungumza Kifaransa na Kilingala kupita juu ya kichwa chake. Burhani aliomba kumwona Ministre. Alikuwa chini ya kitanda cha chumba cha nyuma. Alinenepa tena, manyoya yanang'aa. Burhani alipiga magoti, akamwita kwa ile sauti ya vidonge. Paka alimtazama bila kumtambua, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Anakojoa vizuri?" Burhani aliuliza, angali amepiga magoti.

"Vizuri," alisema Jémima mlangoni, mtoto begani. "Anakojoa sana hata."

"Alhamdulillahi."

Alikunywa chai, akawabariki mapacha, akaagana na kila mtu. Émérance alimsindikiza mpaka kituo cha basi na kumfungia kipande cha kitumbua kwenye karatasi. Treni ya kurudi Brussels ilikuwa na nafasi nyingi. Burhani alichagua kiti cha dirishani, akakifungua kile kitumbua kabla ya kituo cha kwanza, kingali na joto.